Nyonga ya Shujaa Alpkara

Sanamu ya Shujaa Alpkara ilikuwa na ndevu za kutisha. Zilianzia chini kidogo ya macho, zikamwagika hadi kwenye mshipi. Watu wa Beshtor, ambao kwa kutia chumvi hawana mpinzani kutoka kwao hadi mpaka wa China, walisema mchongaji alianza na ndevu, akaja kugundua baadaye kwamba jiwe lililobaki halitoshi miguu. Ndiyo maana shujaa alisimama kwa vijiguu vifupi kama vya bata. Walimfunika shuka jeupe, wakamwacha juu kule kwenye malisho ya kiangazi asubiri sherehe yake.

Nyuma ya sanamu kulikuwa na vilima viwili vya makaburi ya kale. Kimoja kilishachimbwa, humo ndimo alimotoka shujaa mwenyewe, pamoja na upinde wake, shoka lake na farasi wake wawili. Cha pili kilikuwa kikubwa zaidi, kimeota nyasi na maua ya manjano, na hakuna mkono uliokigusa tangu siku kilipofukiwa.

Asilkan aliposhuka garini hakuitazama sanamu. Alikitazama kilima cha pili jinsi mwenye njaa anavyokitazama chungu kinachochemka kwa jirani.

Alikuwa mtaalamu wa mifupa ya watu wa kale, mwanamke mfupi, mnene, mwenye viganja vipana, na mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho kazini. Malisho yale yalikuwa ya ukoo wa Beshtor, na bila baraka ya wazee wa ukoo hakuna sepetu iliyothubutu kugusa kilima. Akiipata ruhusa leo, kesho anaanza. Akiikosa, ataenda kukaa nyumbani afuge kuku, na kilichomo mle ndani atakisikia kwa watu, kama kitasikika. Na Asilkan hakupenda kuku.

Chini ya kwapa alibeba sanduku. Humo alilala shujaa, anarudishwa kwao azikwe upya mbele ya sanamu yake. Shida ilikuwa moja tu: shujaa alikuwa mwanamke.

Wa kwanza kumlaki alikuwa shemeji yake, Mzee Turdakun, mkuu wa ukoo, mrefu kama mlingoti, na juu ya urefu huo kavaa kofia nyeupe ya sufu iliyomwongezea dhiraa nyingine. Marehemu mume wa Asilkan alikuwa mdogo wake wa mwisho. Kwa desturi ya huko, mke hatamki jina la wakubwa wa mumewe, awe hai awe amekufa. Hivyo Asilkan alimwita shemeji yake Kaka Mkubwa, na shujaa akamwita Yule wa Kilimani. Watu waliona ni heshima. Turdakun aliona ni heshima yenye meno.

"Karibu, shemeji! Naona mjini wanakulisha."

"Nimekaribia, Kaka Mkubwa. Na wewe umepungua, au kofia ndiyo imekua?"

"Umetuletea babu?"

"Nimewaletea aliyekuwa kilimani."

Turdakun akamshika kiwiko, akamvuta kando, mbali na masikio ya wanawake waliokuwa wakikoroga masufuria. "Nisikilize. Upepo wa mjini una mdomo, na umeshafika huku na maneno yake. Leo utasimama mbele ya watu useme: huyu ni Alpkara, mwanamume, baba yetu sote. Ukisema hivyo, kesho kilima cha pili ni chako. Nitakuchimbia mimi mwenyewe, na uzee wangu huu."

"Na nikisema kilichomo sandukuni?"

"Utakula, utashiba, utakunywa maziwa ya farasi mpaka uone mlima unacheza. Halafu utarudi mjini. Na kilima kitabaki kilima."

Asilkan alicheka mpaka sanduku likatikisika. "Uniombe kitu chepesi basi. Uniombe niupande ule mlima kwa magoti. Nitasema kilichomo, Kaka Mkubwa, na kilima utanipa vilevile."

"Kwa nguvu za nani?"

"Kwa nguvu za nyonga."

Turdakun akatazama huku na huku kama mtu aliyetukanwa asijue tusi limeingilia wapi.

Ndani ya hema kubwa la sufu watu walishakaa kwa daraja zao, wazee kule ndani kuelekeana na mlango, vijana karibu na viatu. Jolchu, mpwa wake Turdakun, alikuwa amepiga magoti penye sinia na kisu chake. Yeye ndiye mgawaji wa nyama wa ukoo, na kazi hiyo Beshtor si mchezo. Kila mfupa wa kondoo una mwenyewe. Nyonga ni ya mwanamume mkubwa kuliko wote, mkia ni wa bibi mwenye heshima, paja lina wake, bega lina wake, hata ugoko una mtu wake. Ukimpa mtu mfupa usio wake umemtukana yeye na wajukuu wake. Inasimuliwa kwamba zamani Beshtor na majirani zao walipigana majira matatu ya baridi kwa ajili ya ubavu mmoja, na walipopatana ubavu wenyewe ulishaliwa na mbwa. Kwa hiyo watu hawa waliijua mifupa kuliko sura za wakwe zao, na Asilkan, aliyekaa ukweni humo ujana wake wote, alilijua hilo.

Akasimama. Akatandika kitambaa cheupe, akafungua sanduku, akatoa mfupa wa nyonga wa kushoto na wa kulia, akaiunganisha kwa viganja vyake vipana.

"Wazee wangu, mama zangu. Aliyekuwa kilimani alikuwa mpiga upinde, mpanda farasi, mtu mkubwa wa watu wake. Na alikuwa mwanamke."

Hema likalipuka. Mmoja alipaliwa na mchuzi, mwingine akampiga mgongoni kwa nguvu kupita ugonjwa wenyewe. Jolchu akainua kisu.

"Na shoka je, shangazi? Alizikwa na shoka!"

"Shoka halijui mume wala mke, Jolchu. Mkeo analo pia. Nasikia juzi ulikimbilia juu ya paa ukilikimbia."

"Tulikuwa tunataniana!" alifoka Jolchu, na kicheko kikamfunika.

Turdakun hakucheka. Aliinua mkono, hema likanyamaza. "Mtaalamu wa mji mkuu alikuja hapa, mimi nikiwa na ndevu nyeusi. Alipima paja, akapima fuvu, akasema mwanamume. Tulimchinjia farasi! Sasa na wewe, mke wa nyumba hii, unasimama hapa kumpindua babu yetu kama kiatu?"

"Alipima vizuri, Kaka Mkubwa. Vipimo vyake havikuwa na kosa. Kosa ni kwamba alimlinganisha na mifupa ya watu wa mjini, ambao kazi yao nzito kuliko zote ni kunyanyua kijiko. Kwa hao, ukiona paja nene lenye tuta la misuli, umeona mwanamume. Lakini huyu wetu alipandishwa juu ya farasi kabla hajaota meno ya nyuma. Watu wale wa kale waliishi hivyo, wake kwa waume. Mifupa hunenepa kwa kazi. Mabibi zenu wa kale walikuwa na mapaja ya kuwatia aibu askari wa leo. Bibi Mkubwa!"

Aliyeitwa, Bibi Kalbubu, alikuwa mkubwa kwa umri kuliko watu wote mle ndani. Habari zake zilivuka milima mara mbili: kwamba majira ya baridi yaliyopita alimbeba ndama mabegani akavuka naye mto. Wengine walisema hakuwa ndama, alikuwa ng'ombe mzima, tena mwenye mimba. Yeye mwenyewe hakukanusha lolote kati ya hayo.

"Nini, mtoto we? Mbona waniita na mdomo umejaa?"

"Kati yako na Kaka Mkubwa, nani mwenye paja nene?"

"Swali gani hilo! Mimi. Tangu usichana. Tulipocheza ule mchezo wa farasi, msichana amkimbize mvulana na mjeledi, huyu Turdakun nilimfikia kabla hajafika hata jiwe la kwanza. Nilimchapa mpaka kofia ikaruka. Ilitua wapi ile kofia, Turdakun?"

"Mtoni," alisema Turdakun, akivitazama viatu vya watu.

"Basi," Asilkan akaendelea, hata hakupumua, "paja tuliweke pembeni, litatudanganya. Fuvu nalo ni hivyohivyo. Wapo wanawake wenye nyusi nene na wanaume wenye videvu vya kitoto. Mahali pasipodanganya kirahisi ni hapa." Akageuza nyonga, sehemu ya mbele ikatazama mlangoni. "Inueni mikono. Tanueni kidole cha shahada na cha kati. Pembe hiyo nyembamba ndiyo ya mwanamume, hapa chini ya kinena. Sasa kunjeni cha kati, mtanue kidole gumba na cha shahada. Hiyo pana ndiyo ya mwanamke. Njia ya mtoto hiyo. Sasa njooni mpime wenyewe."

Hema zima likainua vidole. Wazee walivitazama vidole vyao kama wamevipata leo. Mwanamke mmoja alimpokonya mumewe mkono amtanulie, maana alikuwa akitanua visivyo. Bibi Kalbubu akajikokota hadi kwenye kitambaa, akachomeka gumba na shahada chini ya kinena cha shujaa, vikakaa kama ufunguo kwenye kufuli. Akamgeukia Turdakun bila kuvitoa. Ndipo wasiwasi ulipomwingia mzee.

"Hii ni ya binadamu," alisema. "Nani hapa aliwahi kuishika nyonga ya binadamu ajue? Shemeji anaweza kutuambia lolote. Hebu tumjaribu kwa tunachokijua. Jolchu! Toa nyonga masufuriani, zisafishe nyama zote, uzilete hapa. Shemeji atuambie jike ni ipi, dume ni ipi. Akikosea hata moja, anafunga sanduku, na babu ni babu mpaka kiama."

"Na nikipatia zote?"

Turdakun akapiga kifua. "Kilima chako. Mbele ya hawa wote."

"Mmesikia," Asilkan akawaambia watu, na akakaa akajimiminia bakuli la maziwa ya farasi kama mtu aliyekwisha kushinda. Majirani zake waliona ni mapema mno kujimiminia.

Turdakun alitoka nje na Jolchu. Kupitia mlangoni Asilkan aliona kofia ndefu ikiinama kwenye sikio la mgawaji, kisha mabega ya wote wawili yakitikisika. Alikunywa funda jingine. Watu waliokwisha kujaribu kumdanganya kwa mifupa walikuwa wengi, na mifupa yenyewe haikuwahi kushirikiana nao.

Walirudi na sinia. Juu yake nyonga tatu nyeupe, zinatoa mvuke.

"Sema," alisema Turdakun, sauti tamu kama asali iliyotiwa kitu. "Jike au dume."

Asilkan hakuzitazama kwanza. Alifumba macho, akaipapasa ya kwanza kwa kidole gumba, ndani ya kile kikombe ambamo kichwa cha paja huchezea, penye ukingo wake unaoelekea tumboni. Ukingo ulikuwa mwembamba, mkali kama ukucha.

"Jike. Tena alizeeka, nyama yake mtaitafuna hadi Ijumaa."

Akahamia ya pili. Ukingo mnene, butu, kama kidole cha mkulima. "Dume. Dume la mbegu! Kaka Mkubwa, umechinja dume la mbegu kwa ajili yangu? Kumbe unanipenda hivi?"

Wanaume wakaguna. Beshtor hawachinji dume zuri la mbegu kwa sherehe wala kwa msiba, na aliyelichinja bila kushauriana na wenzake atajibu maswali usiku kucha. Turdakun alijikuna shingo.

Ya tatu. Hapo gumba la Asilkan likatulia. Ukingo haukuwa mwembamba wa jike, wala haukuwa mnene wa dume. Mfupa ulikuwa mrefu, umenyooka, wa mnyama mkubwa, lakini mshono wa katikati ulikuwa bado haujafunga sawasawa, kama wa mwanakondoo. Moto ulisikika ukila kuni. Turdakun akainama mbele, kofia ikakaribia kuingia kwenye sinia.

"Jike au dume, shemeji?"

Asilkan akafumbua macho, akatabasamu.

"Umenitegea, Kaka Mkubwa, na mtego ni mzuri, nausifu. Umeniuliza jike au dume, na huyu si huyu wala si yule. Huyu maskini alinyang'anywa mali yake kabla hajaijua thamani yake, ndiyo maana mfupa umerefuka na mshono umechelewa kufunga. Maksai!"

"Wallahi maksai!" akapiga kelele Jolchu, akasahau yuko upande gani. "Nilimhasi mwenyewe!"

Hema likayumba kwa vicheko. Watu wa bonde la pili wanaapa hadi leo kwamba walisikia, wakadhani ni theluji inaporomoka, wakahamisha mifugo. Lakini Turdakun hakuwa mtu wa kuangushwa kwa pigo moja. Alisimama wima, uso umemng'aa, kidole juu.

"Hee! Umejifunga mwenyewe, shemeji! Umekiri mbele ya watu kwamba yupo wa tatu! Kwamba dume anaweza kuwa na nyonga isiyo ya dume! Basi hata babu yetu, kwa nyonga yake hiyo, anaweza kabisa kuwa..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akashusha kidole, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Hakuna aliyemsaidia. Hata Jolchu alitazama dari.

"Malizia, Turdakun," alisema Bibi Kalbubu taratibu, akiichukua nyonga ya maksai na kuinyonya ukingoni. "Babu yetu alikuwa nani vile?"

Asilkan aliweka bakuli lake chini. Kisha akasema kwa upole, maana sasa angeweza kuumudu upole:

"Mimi nasema ni mwanamke, Kaka Mkubwa. Na nasema si maksai. Ile pembe ya gumba na shahada haipatikani kwa kisu cha mtu yeyote. Lakini wewe ndiye mkuu wa ukoo. Ukisema alihasiwa, nitawaandikia watu wa mjini kwamba ukoo umesema alihasiwa. Ila wataniuliza ninyi nyote mlitokea wapi."

Mzee mmoja kule ndani alianza kuhesabu mababa zake kwa vidole, kama kila mtoto wa huko anavyofundishwa, baba hadi baba, akafika kidole cha mwisho akakikunja haraka.

Turdakun alikaa. Akavua kofia, akafuta kichwa, akaivaa tena. Ilipokaa sawa kichwani, na yeye alikuwa amekaa sawa.

"Mimi," alisema, "siku zote moyoni nilihisi ni mama."

"Ulihisi!" alisema Bibi Kalbubu.

"Nilihisi! Nani kati yenu hakuwahi kunisikia nikisema kwamba Beshtor wametoka tumbo moja? Tumbo, nilisema. Ndevu zinatoka tumboni?"

Na wapo walioapa kwamba walimsikia akisema hivyo, hata waliokuwa hawajazaliwa. Mke wa Jolchu akauliza kutoka mlangoni: "Shangazi, basi alizaa? Ndiye mama yetu kweli?"

"Hilo sijui," alisema Asilkan. "Wapo wanaodai mfupa unaonyesha kama mwanamke amezaa. Mimi nimeitazama mifupa ya wengi waliozaa na wasiozaa, na sidai. Nitakwambia alikuwa mwanamke, alipanda farasi tangu utoto, bega lake la kulia lilivuta upinde mpaka mfupa ukabadilika. Watoto sijawaona."

"Basi hilo tuachie sisi," alisema Bibi Kalbubu, na kabla nyama haijapoa shujaa wa kike wa Beshtor alishazaa watoto tisa, wawili kati yao juu ya tandiko, farasi akienda mbio. Sanamu nayo ikapatiwa kazi. Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba yule mwenye ndevu ni mumewe, alikuwa akibaki nyumbani kumngojea, na ndiyo maana miguu imelika kwa kusimama. Jioni shuka likavuliwa, na shujaa akazikwa mbele ya mumewe huyo.

Kesho yake asubuhi umande ulikuwa bado kwenye maua ya manjano Asilkan alipofika kwenye kilima cha pili na kamba zake na vigingi vyake. Alikizunguka kilima akikanyaga pole pole, akisikiliza kwa nyayo. Alipomaliza mzunguko alimkuta Turdakun amesimama na sepetu, kofia kichwani, na nyuma yake nusu ya ukoo.

"Nilisema nitachimba mwenyewe," alisema. "Beshtor hatusemi mara mbili."

"Sijasema kitu, Kaka Mkubwa."

"Umenitazama." Akaegemea sepetu. "Haya. Humu yupo nani?"

"Sijui."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sijui bado."

"Hujui!" Turdakun akawageukia watu, uso umejaa sikukuu. "Mmesikia? Hajui! Jana alijua mpaka maksai, leo hajui!"

"Mimi naweka dau ni mwanamke," akasema Bibi Kalbubu kutoka mgongoni kwa farasi wake. "Kilima ni kikubwa zaidi, lazima awe mkubwa zaidi."

"Mwanamume!" akasema Jolchu. "Jamani tubakishiwe hata mmoja!"

Mabishano yakapamba moto, wanawake huku, wanaume kule, na wapo waliobadili upande mara mbili kabla jua halijapanda. Asilkan hakuwasikiliza. Alikuwa amepiga magoti upande wa mashariki, ametandaza kiganja juu ya nyasi, mahali ambapo ardhi ilikuwa imedidimia kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine angesema ni usawa. Akapigilia kigingi cha kwanza.

"Anzia hapa, Kaka Mkubwa. Pole pole, udongo tabaka kwa tabaka. Tukifika kwenye nyonga nitakwambia."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo unachimba."

Turdakun akatema mate viganjani, akaikandamiza sepetu kwa mguu wake mrefu, na kilima kikafunguka.